Kura Inayoweza Kuhesabiwa Tena

Maneno haya niliyatoa Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa mtaani Kaptembwa, Nakuru, Kenya, mbele ya vijana wanaojiandaa kuwa maajenti, yaani wanaomwangalizia mgombea kura kituoni, katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, akina mama, wachungaji mliotufungulia ukumbi huu, na nyinyi vijana wa Kaptembwa, Rhonda, Bondeni na Free Area, pamoja na wale mliopanda matatu alfajiri kutoka Njoro na Molo: asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya kutafuta riziki, na kuna pikipiki zimeegeshwa hapo nje ambazo saa hizi zingekuwa barabarani.

Mlipoingia mlikuta beseni hili la maharagwe. Nimelizungusha kwa makundi manne, kila kundi likayahesabu maharagwe yaleyale, na majibu nimeyaandika ubaoni. Kundi la kwanza 634. La pili 641. La tatu 638. La nne 640. Hakuna aliyeiba harage. Hakuna aliyepewa kitu. Ni watu wazima, mchana kweupe, wanahesabu vitu visivyo na chama wala kabila, na bado tuna majibu manne. Mimi niliyahesabu nyumbani mara tatu nikapata 640, kwa hiyo kundi la nne limepatia. Niliwaangalia walivyofanya. Walipanga mafungu ya kumi kumi, mmoja akipanga na mwingine akikagua kila fungu kabla halijasogezwa. Makundi mengine yalidondosha moja moja yakihesabu kwa sauti, mpaka simu ya mtu ikalia na hesabu ikapotelea hapo.

Lakini kuna jambo jingine katika beseni hili, na ndilo limenitoa nyumbani. Maharagwe bado yapo. Kundi la kwanza likinibishia, nitayamwaga tena mezani. Hata mtu asiyenipenda anaweza kuja kesho akayahesabu mwenyewe. Kila nikisikia mtu akisifu njia fulani ya kuhesabu kura, iwe ya mkono, ya mashine au ya intaneti, huwa namuuliza swali hilo moja: baada ya tangazo, kimebaki nini ambacho mtu asiyekuamini anaweza kukihesabu tena?

Wa umri wangu wanakumbuka mwaka 1988. Mchujo wa KANU, chama pekee wakati ule, ulifanywa kwa mlolongo. Hapakuwa na karatasi. Mtu alisimama nyuma ya mgombea wake, au nyuma ya mtu aliyeinua picha ya mgombea, huku chifu akimwona, mwajiri wake akimwona, jirani akimwona. Afisa akapita akihesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alichukuliwa kuwa ameshachaguliwa, kura ya siri haikumhusu tena. Na watu waliona kwa macho yao mlolongo mrefu ukitangazwa mfupi, na mfupi ukitangazwa mrefu.

Ukiutazama juujuu utasema hiyo ndiyo hesabu iliyo wazi kuliko zote. Kila kitu kiko uwanjani, hakuna sanduku wala chumba. Lakini watu wakishatawanyika, kura nazo zimetawanyika. Ukienda kulalamika jioni, utalalamika na nini mkononi? Hakuna hakimu anayeweza kuamuru kijiji kizima kirudi uwanjani kisimame kilivyosimama asubuhi, kila mtu nyuma ya yule aliyemchagua, kabla hajatishwa. Nchi ilipiga kelele, mfumo ule ukaachwa, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 hatujaurudia katika uchaguzi mkuu.

Karatasi nayo peke yake haikutosha. Mwaka 1992 na 1997 masanduku yalifungwa vituoni yakabebwa hadi ukumbi mmoja wa kuhesabia katika kila eneo bunge. Kati ya kituo na ukumbi kuna barabara, kuna giza, kuna mvua, na kuna muda ambao hakuna ajenti anayeliona sanduku. Mwaka 2002 ndipo tulipoanza kuhesabia palepale kituoni. Kwangu mimi hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote tuliyofanya katika uchaguzi wa nchi hii, makubwa kuliko kifaa chochote kilichonunuliwa baadaye, na ajabu ni kwamba hayazungumzwi sana.

Hata hivyo palibaki pengo. Kura zilihesabiwa kituoni mwaka 2007, lakini tarakimu zilipokuwa zikisafiri kutoka kituo hadi eneo bunge, na kutoka eneo bunge hadi ukumbi wa KICC Nairobi, palipojumlishwa matokeo ya nchi nzima, hapakuwa na njia ya mwananchi kulinganisha kilichotoka huku na kilichofika kule. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati ule, marehemu Samuel Kivuitu, alikuja kusema hadharani kwamba hajui kama Mwai Kibaki, aliyetangazwa rais, alishinda. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilipochunguza mwaka 2008 ilisema mambo yalivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kusimuliwa Januari ya mwaka ule. Katika ukumbi huu kuna waliokimbia ghasia wakalala uwanja wa Afraha, kuna waliolala kwenye uwanja wa maonyesho, na kuna ambao wakihesabu watu wao leo hawatimii. Nchi ilipoteza watu zaidi ya 1,100. Sisemi ni hesabu peke yake iliyochoma nyumba. Ugomvi wa ardhi na maneno ya wanasiasa vilikuwapo tangu zamani. Ninachosema ni kwamba siku ile hapakuwa na karatasi ambayo jirani angeweza kumwonyesha jirani na kumwambia, "Hebu tazama, hii hapa."

Sasa niwapeleke ndani ya chumba cha kuhesabia, kwa maana wengi mtakuwa humo na sitaki mwingie mkiwa wageni.

Mwaka 2017 nilikuwa msimamizi wa kituo kimoja cha kura, darasa la shule ya msingi. Kituo kikifungwa saa kumi na moja jioni, na wote waliokuwa kwenye foleni wakishapiga, mlango unafungwa na hesabu inaanza. Urais ndio unaanza. Unalifungua sanduku mbele ya maajenti, unatoa karatasi moja, unaifunua, unaiinua ili kila ajenti aione, unasema kura hii ni ya fulani, kisha inawekwa kwenye fungu lake. Moja baada ya nyingine. Kila kituo kina wapiga kura wasiozidi 700, na mtu anaweza kudhani ni kazi ya saa moja. Lakini kuna karatasi ambayo alama imegusa mstari, nyingine ina alama mbili, nyingine mtu ameandika maneno. Kila mojawapo inaleta mjadala. Na urais ukiisha kuna masanduku mengine matano yanakungoja. Umeamka saa tisa usiku wa jana. Macho yanauma. Taa ni moja na wadudu wameizunguka.

Nilipomaliza kuandika Fomu 34A, ile fomu ya matokeo ya urais ya kituo, jumla ilikataa. Kura halali kwenye fomu zilizidi karatasi zilizokuwa mezani kwa tisa. Nikajumlisha tena, tisa. Nikaamuru mafungu yahesabiwe tena, nikajumlisha mara ya tatu, bado tisa. Wasiwasi ukaingia chumbani. Maajenti wawili wakaanza kupandishiana sauti, na askari akasogea mlangoni.

Kwenye kona alikuwapo mama mmoja, ajenti wa mgombea mdogo ambaye pale kwetu alipata kura tatu tu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuza mitumba. Tangu karatasi ya kwanza alikuwa ametia vijiti kwenye daftari la mtoto wake: vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yake, kwa kila mgombea, si kwa wake tu. Akainua mkono akasema, "Mwalimu, huyu wa pili mimi ninaye 178." Nikatazama fomu. Nilikuwa nimeandika 187.

Nimefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini. Nilichowafundisha watoto wa darasa la sita ni hiki: ukipishanisha tarakimu mbili, kosa unalopata siku zote linagawanyika kwa tisa. 187 ukitoa 178 ni 9. 63 ukitoa 36 ni 27. 820 ukitoa 280 ni 540. Kwa hiyo jumla ikikataa, na tofauti ikagawanyika kwa tisa, kabla hujamshuku mtu angalia kama mkono umepishanisha tarakimu. Nililijua hilo kama jina langu, na saa saba za usiku halikunijia. Lilimjia mama mwenye vijiti kwenye daftari, kwa sababu yeye alikuwa na hesabu yake ya pili. Tulirekebisha mbele ya wote, kila ajenti akatia sahihi, nikaibandika nakala mlangoni.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema hesabu ya mkono haina makosa kwa kuwa inaonekana. Ina makosa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani walifanya majaribio, wakayachapisha mwaka 2012, na wakakuta makosa ya kuhesabu kwa mkono yanaweza kufikia asilimia 2. Na njia ya kupanga mafungu kisha kuyahesabu ilikosea zaidi kuliko njia ya mmoja kusoma kwa sauti na mwingine kutia alama. Chukueni hilo mwende nalo. Sheria yetu inampa msimamizi kazi ya kusoma kwa sauti na kupanga mafungu. Lile daftari la vijiti ni jukumu lako wewe ajenti, na ndilo linalokamata kosa la fungu.

Mtu ataniuliza, kura tisa ni nini kati ya mamilioni? Tufanye hesabu hiyo pamoja. Agosti 2022 William Ruto alitangazwa mshindi wa urais kwa kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Toa. Inabaki 233,211. Vituo vya kura vilikuwa 46,229. Gawanya. Unapata tano na kidogo.

Kura tano kwa kila kituo. Urais wa Kenya ulitenganishwa na kura tano kwa kila darasa, kila hema, kila ukumbi kama huu. Kosa langu la usiku ule lilikuwa tisa. Bila shaka makosa ya uchovu huenda huku na huku, mengine yanafutana. Lakini mtu mwenye nia mbaya hahitaji kuiba kituo kizima. Kalamu moja na kura tano zinamtosha, ilmradi apate vyumba vingi ambavyo ajenti amekwenda kula.

Basi, watu husema, tutumie mashine, mashine haichoki. Kweli haichoki. Lakini nayo hukosea, na ikikosea haioni aibu wala hainui mkono kama yule mama. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, kompyuta ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 zaidi ya alizopata. Ilijulikana tu kwa sababu hesabu ya mtu huyo ilizidi kura zilizowezekana kabisa. Angeongezewa 300 pengine asingeshtukiwa na mtu. Mwaka 2004 katika kaunti ya Carteret, North Carolina, mashine ilijaa kumbukumbu yake, ikaendelea kupokea wapiga kura kana kwamba kila kitu ni sawa, na kura 4,438 zikapotea moja kwa moja. Hapakuwa na karatasi. Watu wale walisimama kwenye foleni wakapiga kura ambayo haipo popote duniani. Nikisoma hayo nakumbuka mlolongo wa 1988. Mashine isiyoacha karatasi ni mlolongo uliotawanyika.

Hapa kwetu mwaka 2013 matokeo ya muda yalipokuwa yakionyeshwa kwenye skrini, idadi ya kura zilizokataliwa ilipanda juu mno, mamia ya maelfu, nchi ikashika roho. Baadaye tume ikaeleza kuwa programu ilikuwa ikizizidisha kwa nane. Tuliponea kwenye fomu. Karatasi zilibebwa hadi ukumbi wa Bomas, Nairobi, zikajumlishwa upya, na ile tarakimu ya ajabu ikayeyuka.

Wajerumani walilipeleka suala hili mahakamani. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama yao ya Katiba ilikataa mashine za kura zilizokuwa zimetumika mwaka 2005. Haikusema kuna aliyeiba. Ilisema hatua muhimu za uchaguzi lazima mwananchi wa kawaida aweze kuzikagua bila kuwa na utaalamu maalumu. Naomba mlitafakari hilo. Mama wa mitumba lazima aweze kukagua. Kama ni mhandisi peke yake anayeweza kusema hesabu ni sahihi, basi tumeondoa nguvu kwa maajenti 10 chumbani tukampa mtu mmoja Nairobi, au ng'ambo, na kilichobaki ni kumwombea awe mwaminifu. India, wenye wapiga kura wengi kuliko nchi yoyote, walishikilia mashine zao, lakini Mahakama yao ya Juu mwaka 2013 ikaagiza kila kura iache karatasi inayoonekana na mpiga kura. Mashine imebaki, na karatasi ipo pale ya kuihoji.

Na wapo ambao hawakuhitaji umeme. Gambia, kwa miaka mingi, mpiga kura alipewa gololi. Mle chumbani kuna mapipa, kila moja na rangi na picha ya mgombea. Unaitumbukiza gololi yako, kengele iliyo ndani inalia mara moja, na ikilia mara mbili nje watajua kuna aliyetumbukiza mbili. Baiskeli zilikatazwa karibu na vituo ili kengele zake zisichanganye watu. Jioni gololi zinamiminwa kwenye sinia za mbao zenye matundu 200 au 500. Sinia ikijaa, hesabu imeisha. Huwezi kuruka tundu bila kuonekana. Kwa gololi hizo, Desemba 2016, Yahya Jammeh aliyekuwa ametawala miaka 22 alishindwa na Adama Barrow. Ile sinia ni kazi ya kundi letu la nne na mafungu yao ya kumi.

Mimi si adui wa mashine. Nikiulizwa njia ninayoiamini kuliko zote, nitasema ni karatasi iliyotiwa alama na mkono wa mpiga kura, ikisomwa na mashine au na mtu, halafu sehemu ya karatasi hizo ifunguliwe tena na watu wengine kulinganisha. Mwaka 2020 kaunti ya Antrim, Michigan, ilitangaza usiku ule matokeo yaliyopinduka, kwa kuwa watumishi hawakuwa wamesawazisha mashine zote baada ya karatasi za kura kubadilishwa. Kosa likaonekana, likarekebishwa, na bado watu hawakuamini. Basi wakaketi wakahesabu karatasi zote kwa mkono. Tofauti na matokeo yaliyorekebishwa ilikuwa kura 12. Bila karatasi, Antrim wangebishana mpaka leo.

Nirudi nyumbani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliufuta uchaguzi wa urais. Wengi walishangaa kwa sababu tofauti iliyotangazwa ilikuwa kubwa, kama kura milioni 1.4. Mimi nilisoma hukumu ile kama mwalimu wa hesabu, na kuna mahali iliniliza. Majaji wa walio wengi walisema kwamba hata shuleni tulifundishwa kuwa jibu la hesabu huja na njia, na njia ndiyo ushahidi wa jibu. Ndivyo nilivyowaambia wanafunzi wangu miaka yote: usiniletee jibu tupu, onyesha kazi yako. Tume ilikuwa imetangaza jibu kabla ya fomu zote za vituo kuonekana, na ilipoamriwa kufungua sava, kompyuta zilizohifadhi matokeo, ikashindwa kutii kikamilifu. Miezi michache kabla ya hapo, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshasema kwamba Nairobi haina ruhusa ya kubadilisha kilichotangazwa mashinani.

Matunda ya kesi hizo tuliyaona 2022. Kila Fomu 34A ilipigwa picha kituoni kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume, na kuwekwa kwenye tovuti ya umma ambapo mtu yeyote angeweza kuipakua. Yeyote. Mjukuu wangu alikaa na simu sebuleni akatafuta fomu za vituo vya wadi yetu, akazilinganisha na picha tulizokuwa tumezipiga milangoni. Vyombo vya habari vikawa na jumla zao. Makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo, kesi ikaenda mahakamani, masanduku ya vituo kadhaa yakafunguliwa na kura kuhesabiwa upya chini ya macho ya pande zote, na tarehe 5 Septemba mahakama ikayathibitisha. Kuna waliofurahi na kuna walioumia, hata humu ukumbini, nami sikuja kuwaambia mjisikie vipi. Lakini ubishi wa 2022 ulifanywa kwa karatasi mezani, na hapa Nakuru tulilala majumbani mwetu.

Hata hivyo tusijidanganye. Picha ya fomu inathibitisha kwamba tarakimu haikubadilishwa njiani. Haithibitishi kwamba fomu ni sawa na karatasi zilizo sandukuni. Laiti yule mama angelala usiku ule, fomu yangu yenye kosa ingepigwa picha safi, ikafika Bomas salama salimini, na kosa lingekuwa rasmi. Malawi mwaka 2019 fomu zilifika, ila zimepakwa wino mweupe wa kufutia na kuandikwa upya, na mahakama yao ikaufuta uchaguzi wa urais Februari 2020.

Kwa hiyo nina ombi moja ambalo nitalisema kila nikipewa nafasi, na naomba mlibebe. Masanduku yetu yakishahesabiwa hufungwa kwa lakiri na karatasi zikiwa ndani. Yasikae tu yakingoja kesi. Zichaguliwe kura za vituo kadhaa kwa bahati nasibu, hadharani, zifunguliwe na kulinganishwa na Fomu 34A. Mwanatakwimu Philip Stark wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyeonyesha namna ya kupima zifunguliwe ngapi: washindani wakiwa mbali, chache zinatosha, wakikaribiana, unaongeza, na ikibidi unafungua zote. Mpishi haonji sufuria nzima. Anakoroga mpaka chini, anaonja kijiko, na akitilia shaka chumvi anaonja tena. Jimbo la Colorado lilianza kufanya hivyo kote mwaka 2017, na tarakimu za kuanzia bahati nasibu hutupwa kwa dadu mbele ya watu, ili asiwepo anayejua mapema ni kura zipi zitafunguliwa. Dadu hazina gharama. Masanduku tunayo. Linalotakiwa ni sheria, na wabunge wetu wana muda.

Mpaka sheria hiyo ije, nyinyi ndio ukaguzi. Ajenti ana haki ya kuomba kura zihesabiwe tena kituoni, hadi mara mbili, kabla mambo hayajafungwa. Msiogope kuitumia, na msiitumie kwa hasira. Ukikataa kutia sahihi, andika sababu yako, kwa maana kukataa kwako peke yake hakubatilishi matokeo. Kula kabla ya saa kumi na moja. Beba daftari, kalamu mbili na chaji ya simu. Tia vijiti vya wagombea wote, hata wale usiowapenda. Fomu ikibandikwa mlangoni, ipige picha ukiwa umesimama mbele yake wima, tarakimu zisomeke, jina la kituo lionekane. Na usiondoke kwa sababu mgombea wako ameshashindwa pale. Mama yule wa kura tatu ndiye aliyeokoa hesabu ya wagombea wengine wote.

Sasa tumeongea vya kutosha. Hapa mbele kuna masanduku manne ya katoni, kila moja lina karatasi 200. Nimeweka alama zenye utata kwenye baadhi, na katika sanduku moja kuna karatasi mbili zilizoshikamana. Kundi la nne mtakuwa wasimamizi, wengine wote ni maajenti, na nimezima taa tatu kati ya nne ili muone kidogo usiku ulivyo. Wekeni simu zenu kwenye beseni la maharagwe. Msimamizi wa sanduku la kwanza, inua karatasi juu, wote waione.